Kozi ya ualimu wa yoga Shela, siku 21: mwili umefundishwa, kinywa bado

Kozi hii ni ya saa 200, wiki tatu, juu darini kwenye nyumba ya mawe hapa Shela, kisiwani Lamu, chini ya paa la makuti. Mwishoni unapewa cheti kinachokuruhusu kujisajili na Yoga Alliance ya Marekani. Wengi hukosea hapo. Yoga Alliance haimpi mtu cheti. Cheti ni cha shule, na ile ni orodha ambayo mwalimu hujiandikisha mwenyewe na kuilipia kila mwaka. Ada hiyo haimo kwenye bei ya kozi, wala boti ya kukutoa uwanja wa ndege wa Manda haimo.

Tupige hesabu kidogo. Siku 21, toa Ijumaa 3 za mapumziko, zabaki 18. Ratiba ni kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mapumziko ya jumla ya saa 3, yaani saa 8 na nusu za darasa kwa siku. Hizo ni saa 153. Zile 47 zilizobaki zinaitwa "kusoma binafsi". Si wizi, lakini anayelipia saa 200 aulizie mapema ngapi kati yake atakuwa na mwalimu mbele yake.

Somo la mwili ndilo bora kuliko yote. Linachukua saa 30, kiwango cha chini cha Yoga Alliance, na hakuna dakika iliyopotea. Kwenye chaturanga, mkao wa kujishusha karibu na sakafu kwa kukunja viwiko, unaonyeshwa kwa nini mabega hayapaswi kushuka chini ya usawa wa viwiko: yakishuka, uzito wote hulalia mbele ya bega, na mtu akirudia hivyo mara thelathini kwa kipindi, maumivu lazima yaje. Mwenye vifundo vya mikono vinavyouma huwekewa leso iliyokunjwa chini ya kitako cha kiganja ili kifundo kisipinde sana. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa macho wa glakoma hasimamishwi kichwa chini. Mjamzito wa miezi mingi halazwi chali. Hulazwa ubavu wa kushoto.

Kasoro kubwa ni mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi ni 15, na kila mmoja hufundisha mara 3, dakika 20 kila mara. Saa moja tu basi, katika kozi ya kutoa walimu! Hakuna anayeongoza kipindi kizima cha dakika 60 peke yake, na kipindi kizima ndicho mwajiri wa hoteli atakachotaka kukiona siku ya kwanza.

Tena yote ni kwa Kiingereza. Anayetaka kufundisha wanawake wa Lamu itabidi ajitungie maelekezo, na si kazi ndogo. Mfano ni "inua kiuno", ambayo wengi huitamka kwenye mkao wa mbwa anayejinyoosha, mikono na miguu chini, nyonga juu. Kiuno kikiinuliwa peke yake, mgongo wa chini hubonyea. Sema "kunja magoti kidogo, sukuma nyonga juu na nyuma", na mgongo unanyooka wenyewe. Kozi haigusi pia suala la chumba cha faragha, mwalimu wa kike, au kuacha nyimbo za Kisanskriti kwa asiyeridhika nazo kidini. Mikao na pumzi havipungui kitu bila nyimbo hizo.

Siku tatu ni za akili ya ndani, ile inayoendesha mazoea bila mtu kujitambua. Hapa kuna chuya na mchele. Mchele ni yoga nidra: mtu amelala chali dakika 20 hadi 40, mwalimu akimwongoza kwa sauti. Kwanza nia, kisha fahamu inazungushwa mwilini kuanzia gumba la mkono wa kulia, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kiganja, na kuendelea. Halafu pumzi, hisia za kinyume kama uzito na wepesi, picha za akilini, nia tena, na kurudi taratibu. Kosa la wanaoanza ni kuburura. Ukikaa sana kwenye kila kiungo, nusu ya darasa inakoroma. Sekunde moja au mbili zatosha. Nia nayo iwe fupi na ya sasa. "Nalala mapema" inashika kuliko "sitaki kukesha tena".

Chuya ni ile kauli kwamba asilimia 95 ya akili ni ya ndani, na kwamba kikao kimoja hufuta majeraha ya utotoni. Hakuna kipimo kilichowahi kuitoa namba hiyo. Mazoea ya mwili na hofu hujengwa kwa kurudiwa, na hulegea kwa kurudiwa vilevile. Zaidi ya hapo, aliyewahi kupatwa na jambo zito anaweza kushikwa na wasiwasi mkali akifumba macho gizani. Aruhusiwe kufumbua macho, akae badala ya kulala, na mwalimu ajue kusema "hili ni la daktari". Kozi ilipaswa kulifundisha hili siku ya kwanza ya somo, lakini limewekwa ukurasa wa mwisho wa kitabu.

Kuhusu riziki: wateja wa Shela ni wageni, na wageni hufuata msimu wa upepo wa kaskazi. Masika yakiingia, Aprili hadi Juni, mikeka inakunjwa. Mwenye cheti hiki apange kipato cha miezi hiyo kabla hajaacha kazi nyingine.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda, chukua mkeka wa mpira mzito, maana unyevu wa darini huutelezesha ule mwepesi na upepo wa kaskazi huupeperusha. Ukilala Lamu mjini, tazama maji usiku uliotangulia: yakijaa alfajiri, njia ya pwani haipitiki vizuri, na boti ya saa 12 lazima uiagize jana yake.