Kampuni ya PR tuliyoachana nayo: posti kali, ukweli hamna

Hii ni rivyu ya kampuni ya PR (uhusiano na umma, yaani watu wa kulinda jina la biashara yako kwa watu) iliyokuwa inashika kurasa zetu za biashara, jina siweki ila nataka mtu anayetafuta watu wa kazi hii ajue cha kuuliza kabla hajasaini. Kwa posti wako vizuri sana, picha safi, ratiba hairuki, inbox inajibiwa hata usiku. Hapo sina ubishi nao.

Sasa ngoja mambo yaharibike. Mzigo ulikwama, oda za watu zikachelewa, wateja wakaanza kulalamika kwenye komenti na walikuwa na haki kabisa maana hela walishatoa. Nikawaambia jamaa waandike taarifa wakanitumia hii: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Mteja kwetu ni mfalme." Basi! Haisemi mzigo uko wapi, haisemi unafika lini, haisemi anayetaka hela yake anarudishiwaje, na hivyo ndo vitu watu walikuwa wanauliza. Nikaikataa, nasubiri nyingine naona komenti zinapungua, kumbe wanafuta zile kali, na watu walishapiga skrinshoti, wakaziposti upya na sasa hasira si ya mzigo tena ni ya kufutwa. Halafu zikaibuka akaunti mpya zinatusifia, mbili zimeandika sentensi ileile mpaka kosa la herufi lilelile. Nilipouliza nikajibiwa kila brendi inafanya hivyo.

Hapana jamani. Bell Pottinger ya Uingereza ilikuwa na jina kubwa kwenye PR, mwaka 2017 ikafukuzwa kwenye chama cha taaluma yao, PRCA, kwa kampeni iliyochochea chuki za rangi Afrika Kusini, wateja wakakimbia na mwezi huohuo ikafilisika. Na ukitaka kuona kazi inavyofanywa angalia Johnson & Johnson mwaka 1982, watu 7 walikufa Chicago na maeneo ya jirani baada ya mtu kutia sumu kwenye vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu ya kampuni hiyo, kampuni ikawaambia watu waache kuvitumia na ikarudisha chupa kama milioni 31 kutoka sokoni, hasara kubwa mno, ila dawa inauzwa mpaka leo.

Mwisho taarifa tuliandika wenyewe, mzigo umekwama wapi, tunautegemea lini, anayetaka hela atume namba ya oda. Matusi hayakuisha siku hiyo lakini watu walianza kutuma namba.

Kwa hiyo ukikaa nao mezani waulize nani anaamua komenti ifutwe, na influensa wanayemlipa anaandika wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa au anajifanya kapenda tu mwenyewe. Na paswedi za akaunti zibaki kwako, sisi kuzipata tena ilikuwa kazi. Nyota 2 kati ya 5, zote za ubunifu.