Shingo na mgongo vinauma ofisini? Anza kununua hiki

Mshahara ukiingia, mtumishi wa Dodoma anayeumwa mgongo hukimbilia kiti. Asubiri kidogo. Kama kazi yako yote iko kwenye laptopu, namba moja ni kibodi na mausi vya kuchomeka. Kioo cha laptopu na kibodi yake havitenganishwi: ukiiweka chini ili mikono istarehe, shingo inainama, ukiinyanyua ili shingo ipone, mabega yanapanda. Hakuna kiti kinachotibu hilo. Chukua kibodi na mausi vya waya, vya kawaida tu, kisha pandisha laptopu juu ya rimu za karatasi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Stendi ya chuma inapendeza, ila rimu zinafanya kazi ileile, na ofisini hazikosekani.

Namba mbili ndiyo kiti, na hapa hela nyingi hupotea. Kile kinene cheusi cha mgongo mrefu, kinachoitwa cha bosi, sikipendekezi. Sponji ikishabonyea kiuno hakina pa kuegemea, na kwa joto la Oktoba ngozi ile ya bandia inakugandisha shati mgongoni. Bora cha wavu, chenye miguu mitano. Usikinunue kwa macho. Kalia palepale dukani dakika kumi, hata muuzaji akinuna. Nyayo zikanyage sakafu, viwiko vikunjike kama nyuzi 90, na kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. Kisha kipandishe juu kabisa, ukae utulie: kikianza kushuka chenyewe, silinda ya gesi imechoka. Kwa kiti cha mtumba jaribio hili usiliruke kamwe. Angalia pia pa kuwekea mikono. Pakigonga meza, utafanya kazi umejivuta mbele kutwa nzima.

Tatu, kwa sisi wafupi, kibao cha kukanyagia. Cha dukani cha nini? Seremala wa mtaani kwako, iwe Kizota au Ipagala, atakukatia kwa mabaki ya mbao.

Mto wa kiuno ni wa nne. Jaribu kwanza taulo lililoviringishwa. Likikusaidia, ndipo ununue.

Mkia anashika mkanda wa mgongo, ingawa unatangazwa kuliko vyote. Ushahidi kwamba unazuia maumivu ya kiuno ni hafifu.

Hata ukinunua vyote, inuka kila baada ya nusu saa, hasa wewe unayeshinda Mtumba, kwenye ofisi za Mji wa Serikali, kisha unakaa tena kwenye daladala mpaka mjini. Na mguu ukianza ganzi au kukosa nguvu, muone daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au ukafa ganzi sehemu za siri, nenda hospitali saa hiyohiyo.