Tahadhari: Muuzaji wa dawa ya «kuchuna kansa ya kinywa» hapa Lubumbashi

Ndugu wakaaji wa Lubumbashi, ninaandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayezunguka soko la mtaa wa Kenya na mitaa ya Katuba, na ambaye pia hutuma sauti katika vikundi vya WhatsApp, akiuza dawa ya maji ya rangi ya kahawia anayodai kwamba huchuna kansa ya kinywa kwa siku saba. Baba yangu mdogo alinunua chupa tatu, kila moja franka 40,000, na fedha zote zililipwa kwa simu kabla chupa haijafika mkononi.

Baba mdogo alivuta sigara tangu ujana wake mgodini, na lutuku, pombe kali ya kienyeji, hakuiacha hata alipostaafu. Aliotwa na doa jeupe ubavuni mwa ulimi, lisilouma wala kufutika kwa kitambaa. Doa la namna hiyo, likiwa halina sababu nyingine inayojulikana, madaktari huliita leukoplakia. Lenyewe si kansa, na mengi hayageuki kuwa kansa. Lakini baadhi hugeuka, na hakuna jicho la mganga wala la daktari liwezalo kuyatofautisha kwa kuyatazama tu. Doa jekundu ni la kuogopwa kuliko jeupe, na ubavu wa ulimi pamoja na sehemu iliyo chini yake ni mahali penye hatari zaidi.

Ujanja wa muuzaji uko katika pamba. Huilowesha dawa, huibandika juu ya doa kwa dakika kadhaa, kisha hukwangua, na utando mweupe hubanduka mbele ya macho ya mgonjwa na jamaa zake. Hapo huuinua na kusema, «Kansa yenu hii hapa.» Ukweli ni kwamba dawa kali ikikaa juu ya ngozi laini ya kinywa huiunguza, na ngozi iliyoungua hufa, huwa nyeupe na kubanduka. Binamu yangu mmoja, kwa upumbavu ambao hata hivyo ulitusaidia, aliijaribu dawa ile ndani ya mdomo wake mzima usio na doa lolote: «kansa» ile ile ilitoka, naye akashindwa kula chakula cha moto kwa siku nne.

Msiwategemee sana mashahidi anaowatembeza. Weupe unaofutika kwa urahisi mara nyingi ni ukungu wa kinywa, ambao hutibiwa kwa dawa za kawaida za ukungu, na kidonda cha kujiuma hupona chenyewe. Mtu wa namna hiyo anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba aliponywa kansa.

Lililotuumiza zaidi ni onyo lake kwamba kansa ikiguswa na kisu husambaa, kwa hiyo tusithubutu kwenda hospitali. Kwa neno hilo tulipoteza miezi miwili. Kipimo chenyewe ni kukata kipande kidogo cha nyama ya doa chini ya ganzi na kukipeleka maabara kitazamwe kwa darubini, na hakisambazi ugonjwa. Tulipofika hatimaye, daktari wa meno alilazimika kusubiri vidonda vya kuungua vipone ndipo akate, kwa maana ulimi uliochomwa huficha alama anazozitafuta. Majibu yalionyesha chembe zilizokwisha kubadilika vibaya, hatua moja kabla ya kansa. Doa likaondolewa kwa upasuaji, na sasa baba mdogo hurudi kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu doa la aina hii huweza kurudi, na hata likiondolewa lote, hatari haiishi kabisa. Sigara ameacha, kuhusu lutuku bado tunabishana naye, ingawa ameelezwa kwamba tumbaku na pombe vikienda pamoja hatari huzidi sana kuliko kimoja peke yake.

Muuzaji huongeza pia vidonge anavyoviita vitamini vya kuzuia doa lisirudi. Vitamini A imewahi kufanyiwa utafiti katika jambo hili: madoa mengine hupungua, lakini hurudi dawa ikiachwa, na haijathibitishwa kwamba inazuia kansa.

Mwenye doa jeupe au jekundu, au kidonda kinywani, kilichozidi wiki mbili, hata kama hakiumi, amwone daktari wa meno, na asipake kitu chochote kabla ya kuonwa.

Namba ya simu tuliyolipia haipatikani tena. Wiki iliyopita jirani yetu aliona chupa zile zile Ruashi, zenye kifuniko kile kile chekundu, ila karatasi iliyobandikwa sasa ni ya kijani na imeandikwa kwamba ni dawa ya fizi.