Kongamano la walimu wa kompyuta Tanga: warsha ya Python iliyoishia kwenye kupakua

Kwa anayefikiria kwenda kongamano hili la walimu wa kompyuta, niseme mapema kwamba mada za ukumbini zilikuwa nzuri, chakula kizuri, na upepo wa bahari pale Raskazone unapoza kichwa. Nilikusudia kutoa alama 4 kati ya 5. Lakini warsha ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, imenikera mpaka leo, na kila nikiiandika alama inashuka.

Walimu wapatao 30, kila mmoja na laptopu yake, waliambiwa waingie kwenye intaneti wapakue Python. Ruta ilikuwa moja, ile ndogo ya laini ya simu. Nyingi za aina hiyo hupokea vifaa 10 hivi kwa wakati mmoja, na nafasi hizo zilishajazwa na simu za mifukoni. Waliofanikiwa kuingia nao hawakufika mbali. Faili la kusakinisha Python ni kama MB 25. Zidisha mara 30, ni MB 750. Kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde hizo ni dakika 25, na hapo hakuna anayegusa kitu kingine. Kumbe Windows 10 ikionja Wi-Fi tu huanza kujisasisha yenyewe, mpaka uende kwenye mipangilio uiambie kuwa mtandao huo ni wa kulipia bando. Hakuna aliyeambiwa hivyo. Muda karibu wote ukaliwa na kusubiri.

Na kazi hii haihitaji intaneti hata kidogo! Unapakua faili nyumbani, unaliweka kwenye folda, unafungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na kuandika python -m http.server 8000, ili laptopu yako iwagawie wengine faili hilo. Windows ikiuliza ruhusa ya mtandao, ikubalie. Andika ipconfig upate anwani ya laptopu yako, tuseme 192.168.1.5, kisha kila mwalimu afungue http://192.168.1.5:8000 kwenye kivinjari chake. Ruta isiyo na bando inatosha. Kinachokwamisha wengi ni ule mpangilio wa ruta unaozuia vifaa visionane. Uzime kwanza, kisha waingie kwa makundi. Flashi nazo zinafaa, ila ikishapita mashine kadhaa, virusi vya kugeuza folda kuwa shotikati vimeshasambaa.

Hayo ningesamehe. Nisichosamehe ni hiki. Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata, mtu mzima, aliinua mkono akasema laptopu ya shule yao ni Windows 7 ya biti 32 na kisakinishi kimegoma. Mwezeshaji akamjibu kwenye kipaza sauti: "Madamu, hiyo ipelekeni makumbusho." Ukumbi ukacheka, na mwalimu wa watu akafunga laptopu.

Jibu lilikuwepo, na ni fupi. Python 3.8 ndilo toleo la mwisho linalokubali Windows 7, kuanzia 3.9 linakataa. Unachukua 3.8 ya biti 32, unahakikisha Windows ina Service Pack 1 (kifurushi cha masasisho), na kwenye dirisha la kwanza unatia tiki pale chini penye PATH, la sivyo ukiandika python utaambiwa amri haijulikani. Vigeu, vitanzi, masharti, hata f-string (njia ya kuchomeka vigeu ndani ya maandishi), vyote vimo. Amri ya match iliyoingia na 3.10 haina ulazima wowote kwa anayeanza kujifunza. Shule inafundishia mashine iliyonayo, na mwezeshaji asiyelijua hilo hastahili kupewa kipaza sauti mbele ya walimu. Alama 1.

Umeme nao: chaja 30 za wati 65 ni wati 1,950, yaani ampea 8.5 kwenye volti 230. Ekstensheni iliyoandikwa ampea 10 inazibeba kwa shida. Mtu wa chai akachomeka birika la wati 2,200 hapohapo, ikajizima.

Lakini siwezi kuiacha alama 1, maana mchana mwalimu mwingine alifundisha kwa vipande vya boksi vilivyopakwa rangi upande mmoja, bila waya wowote. Zoezi hilo limeenezwa na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Washiriki walipanga kadi 25, safu 5 kwa 5, wapendavyo. Yeye akaongeza mstari mmoja chini na safu moja pembeni, "ili kuwe kugumu zaidi", zikawa 36. Akageuka ukutani, mtu akapindua kadi moja, na papo hapo akaitaja. Siri: kadi alizoongeza zilifanya idadi ya kadi zenye rangi iwe shufwa katika kila mstari na kila safu; mstari na safu zilizogeuka witiri zinapokutana ndipo kosa lilipo. Akaonyesha na mipaka yake: zikipinduliwa mbili kwenye mstari mmoja, utajua kuna kosa ila hutajua ziko mstari gani. Kisha akaunganisha na tarakimu ya mwisho ya msimbo wa bidhaa za dukani, ambayo nayo huwekwa ili kugundua kosa. Kipindi hicho peke yake ni 5.

Basi 3, na hiyo ni kwa heshima ya yule wa maboksi. Waandaaji watume orodha ya programu na matoleo wiki mbili kabla, waulize kila shule ina Windows gani, na wamwombe yule mwalimu radhi hadharani, kwa kipaza sauti kilekile. Wasipofanya hivyo, nendeni vipindi vya mchana tu.