Riviu: mshauri wa vyuo tuliyemlipia baada ya mzee na bi mkubwa kushindwa kuelewana

Naona watu wanauliza sana kama hizi huduma za washauri wa kuchagua chuo zina maana yoyote au ni kumwaga hela tu, basi ngoja niseme ya kwetu maana sisi hatukwenda kuulizia, tulienda na kesi kabisa. Jina la ofisi sitaji kwa sababu kuna mahali nitawasema vibaya.

Kesi yenyewe hii hapa. Dogo kapata vyuo viwili, kozi ileile, uhandisi wa umeme, miaka 4 kote. Cha kwanza kikubwa, ada ya chini, watu wengi mpaka darasani wanasimama. Cha pili kidogo, ada mara mbili ya kile kingine ila wakampa skolashipu inayofuta theluthi ya ada. Mzee anataka cha kwanza, anasema digrii ni digrii, hakuna mwajiri anayeuliza ulisoma umekaa au umesimama. Bi mkubwa hataki hata kukisikia, anasema huyu mtoto mkimya kule atapotea hata akiumwa hakuna atakayejua. Dogo ukimuuliza anasema popote sawa, na mtu anayesema popote sawa unajua kabisa kuna pahala anapataka ila anaogopa kuonekana kachagua upande. Ikafika hatua mezani haliongelewi jambo lingine, na tarehe ya kulipa depoziti inakaribia.

Kitu cha kwanza kabla hujalipa mtu yeyote kwenye hii biashara, muulize nani anamlipa. Mawakala wengi wa vyuo wanakula kamisheni, chuo kinawapa asilimia ya ada kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, sasa ushauri wa bure wa mtu wa hivyo unajua utaelekea wapi. Huyu wetu aliandika kwenye barua pepe kabisa kwamba hapokei chochote kutoka chuo chochote, analipwa na familia tu. Ndiyo maana hata mzee akakubali, maana yeye aliingia akiamini huyu ametumwa na kile chuo cha gharama.

Huduma ina vipande vitatu, unaweza kununua kimoja kimoja au vyote: kikao cha gharama, kikao cha kumjua mwanafunzi, na wao kukuandikia vyuo kuuliza maswali. Vyote kwa video. Mzee kikao kizima inaonekana paji la uso na feni ya dari lakini sauti ilifika vizuri.

Kikao cha gharama ndo moto. Yule dada mshauri alisalimia wakubwa vizuri, afu kabla hata ya kufungua mahesabu akawaambia wazee kila mmoja aandike kwenye karatasi yake kiasi anachoona familia inaweza kutoa kwa mwaka bila kukopa, asimwonyeshe mwenzake, afu wasome kwa zamu. Zilivyosomwa ya bi mkubwa ilikuwa juu sana kuliko ya mzee na hapo ndo tukaanza kuelewa. Bi mkubwa alikuwa amehesabu na ahadi ya mjomba. Mzee ahadi ya mjomba hajaiweka kabisa (hamjui mjomba wetu, mzee anamjua), tena alikuwa amekwishapunguza humo na ada za shule za wadogo wawili wanaokuja nyuma, kitu ambacho bi mkubwa hakukihesabu kwa sababu kwake huo ni mfuko mwingine. Miezi yote ile wanabishana, kumbe hata mfuko wanaouongelea siyo mmoja. Mshauri hakumwambia yeyote kakosea, akauliza tu, mjomba tumweke kwenye safu yake peke yake? Akawekwa kwenye safu yake peke yake na mpaka leo yuko huko.

Afu akafungua eksel. Hakuhesabu ada ya mwaka, alihesabu gharama ya kupata digrii mpaka siku ya kuvaa joho, na hizi ni hesabu mbili tofauti kabisa. Ada ikipanda asilimia 5 kila mwaka, ile ya mwaka wa 4 inakuwa karibu asilimia 16 juu ya ile uliyoionyeshwa kwenye barua ya udahili, na hakuna barua inayokwambia hivyo. Mkopo nao: ukikopa 100 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ukalipa kwa marejesho sawa ya kila mwezi kwa miaka 10, unarudisha karibu 146. Mzee alimwambia arudie hiyo. Akarudia. Bi mkubwa ambaye muda wote alikuwa anasema "tutakopa kidogo" akawa anaandika pembeni ya bahasha.

Akatuambia Marekani vyuo vinavyoingia kwenye mfumo wa misaada ya serikali kuu vinalazimishwa kisheria tangu 2011 kuweka kikokotoo kwenye tovuti zao kinachokupa makadirio ya utakacholipa wewe baada ya msaada, siyo ile bei ya kwenye tangazo, na yeye faili lake ameliunda kwa wazo hilohilo. Sijui kwa nini kila chuo duniani kisifanye hivyo, ni kikokotoo tu jamani.

Sasa skolashipu. Sisi wote tulikuwa tunaisoma ile barua kama theluthi imeondoka basi, imeisha. Yeye akatuonyesha mstari wa chini kabisa wenye maandishi madogo, skolashipu inaangaliwa upya kila mwaka na GPA, yaani wastani wa alama, ikishuka chini ya kiwango inakatwa. Kwa uhandisi, ambapo mwaka wa kwanza hesabu na fizikia zinawapiga watu hata waliotoka na alama kali, hilo siyo jambo la kupita juu juu. Kwa hiyo chuo kidogo kikawa na safu mbili, moja dogo anabaki na skolashipu mpaka mwisho, nyingine anaipoteza baada ya mwaka wa kwanza. Hiyo ya pili ilikuwa inatisha.

Ila chuo cha mzee nacho hakikuachwa kilale. Hapa kile kipande cha kuwaandikia vyuo kilisaidia kweli. Waliuliza wangapi wanamaliza kwa muda, ada inaweza kupanda katikati ya masomo, depoziti inarudishwa, na mwanafunzi akifeli somo moja inakuwaje. Chuo kidogo walijibu haraka, na tukajua kuna kipindi cha semesta moja cha kujirekebisha kabla skolashipu haijakatwa, kitu ambacho kwenye barua hakipo kabisa. Chuo kikubwa kimya, mpaka mshauri alivyopiga simu idarani. Jibu likaja kwamba baadhi ya masomo ya lazima yanafundishwa semesta moja tu kwa mwaka, kwa hiyo ukifeli moja ambalo ndo mlango wa masomo mengine unasubiri mwaka mzima lirudi. Yaani somo moja linaweza kukupa mwaka wa 5. Na mwaka wa 5 siyo ada tu, ni chumba, ni chakula, ni nauli, na ni mshahara wa mwaka mzima ambao ungekuwa umeanza kuula. Alivyoweka safu ya mwaka wa 5 ile "rahisi" ikaipita kidogo ile "ghali" yenye skolashipu iliyobaki. Mzee akasogea kwenye kamera mara ya kwanza siku hiyo, tukamwona sura yote, akasema hizo namba hazijachezewa? Hazikuwa zimechezewa, nilipiga mwenyewe kwa simu.

Jambo lingine alilonifurahisha nalo ni ithibati. Sisi tuliangalia chuo kimesajiliwa, tukaridhika. Kumbe kwa kozi za taaluma kama uhandisi, sheria, uuguzi, chuo kusajiliwa ni kitu kimoja na programu yenyewe kutambuliwa na bodi ya taaluma ni kitu kingine, unaweza kumaliza ukakuta bodi haikusajili moja kwa moja. Kwa wahandisi kuna na makubaliano ya Washington ya 1989, ambapo bodi za nchi wanachama, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na wengine, Afrika Kusini iliingia 1999, zinatambuana programu za digrii walizozipa ithibati. Dogo ana ndoto za kwenda kufanya kazi nje kwa hiyo hiyo ilimgusa. Vyuo vyote viwili vilipita kwenye bodi, sawa, ila hakuna kati yetu aliyekuwa hata amewaza kuuliza.

Mpaka hapo ningewapa nyota zote. Sasa kikao cha kumjua mwanafunzi.

Hapo jamani walitupiga. Dogo alitumiwa dodoso refu la haiba, unapenda kuwa na watu au peke yako, ukipewa kazi unaanza mapema au mwishoni, vitu vya hivyo, afu ikatoka ripoti inasema yeye ni "mfikiriaji mtulivu mwenye kipaji cha uongozi". Nimpelekee jirani naye atakuwa mfikiriaji mtulivu mwenye kipaji cha uongozi. Kikao chenyewe mshauri alisoma ile ripoti kwa sauti, bi mkubwa anaitikia kwa kichwa kila ikitajwa "mtulivu", na dogo aliongea labda sentensi mbili. Hakumwomba hata awepo peke yake bila wazazi, na hilo ndo lilikuwa la maana maana mbele ya hao wawili dogo hawezi kusema kitu. Halafu kwenye PDF waliyotuma, ukurasa wa mwisho unazungumzia "nia yake ya kusomea famasia". Famasia ya nani? Wamekopi ya mteja mwingine wakasahau kufuta. Nilipolalamika walituma mpya siku inayofuata na samahani, ila kurudisha hela ya kipande hicho wakagoma, wanasema huduma imetolewa.

Kilichotusaidia kwenye upande wa kumfaa ni kitu cha bure, dogo alikwenda vyuo vyote siku ya kawaida ya wiki, siyo ile siku ya wageni ambapo kila kitu kimepakwa rangi. Akakaa kwenye lekcha nyuma kabisa, akala kantini, akawauliza mwaka wa pili. Mwaka wa pili ndo wa kuuliza, wa kwanza bado wana mzuka na wa mwisho wanataka kuondoka tu. Chuo kidogo aliona wahadhiri wanawajua watu kwa majina ila maabara ya mashine za umeme ina mashine chache na mojawapo imefunikwa turubai. Kwenye kile kikubwa darasa kweli linafurika lakini kwenye maabara wanagawanywa makundi madogo, na kuna kikundi cha wanafunzi wanatengeneza invata (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) wenyewe jioni. Akarudi anaongea. Huyu ambaye bi mkubwa anasema atapotea, alirudi na namba za watu watatu.

Kwa hiyo kaenda kikubwa. Bi mkubwa alikubali kwa sharti lake, ile tofauti ya hela kati ya vyuo viwili iwekwe kwenye akaunti pembeni isiguswe na mtu mpaka dogo amalize mwaka wa pili, ikitokea mwaka wa 5 ipo, asipofeli itatumika anavyotaka yeye. Mzee anaona ni hela imelala bure, lakini alisaini.

Nyota 3 kati ya 5 kwa ujumla. Kikao cha gharama na kuandikiwa vyuo chukua, hasa kama nyumbani kwenu ugomvi uko kwenye namba au kila mzazi ana hesabu yake kichwani. Kile cha haiba ruka, hiyo hela mpe mtoto nauli ya kwenda kuviona. Na ukiwaendea omba faili la eksel lenyewe siyo PDF, maana ada mpya zikitoka unabadilisha mwenyewe bila kulipia kikao kingine, sisi tulilipata baada ya kusumbua.