Stenti ya shingoni baada ya mshipa kusinyaa tena: uzoefu wangu

Nilishapasuliwa shingo upande wa kushoto, mshipa upelekao damu kwenye ubongo ukasafishwa mafuta yaliyoganda. Haukupita muda, kipimo cha Dopla (picha ya mawimbi ya sauti) kikaonyesha unasinyaa upya. Daktari akanieleza kwamba ukisinyaa mapema, ndani ya miaka 2 hivi, mara nyingi si mafuta, ni kovu linaloota ndani ya mshipa. Huwa laini, halimeguki ovyo, ndiyo maana wengi huachwa na dawa na vipimo tu. Na mimi ningeachwa, ila jicho la kushoto likaingia giza dakika chache, kisha likarudi. Hiyo ni dalili ya kiharusi kinachonyemelea, hapo hakuna kungoja.

Kisu tena sikutaka. Shingo iliyokwisha kupasuliwa imejaa makovu, na neva za sauti na ulimi zimepita humo humo. Nikakubali stenti (kibomba cha wavu cha kuuweka mshipa wazi) kupitia kinena. Marekani wengine huingilia kitundu kidogo juu ya mtulinga, wakigeuza damu irudi nyuma kazi ikiendelea. Nilikotibiwa, Nairobi, hawakuwa na njia hiyo.

Ganzi ni ya kinenani tu, mwenyewe uko macho. Nilishikishwa kidoli cha mpira mkono wa kulia. Nikiambiwa "minya", kinalia, nao wanajua ubongo uko sawa. Kwanza hufunguliwa kichujio, kama mwavuli, mbele ya penye msinyao, kinase vipande visipande kichwani. Halafu stenti, halafu puto la kuitanua. Puto lilipojazwa, mapigo ya moyo yalishuka ghafla, nikahisi kichefuchefu na kizunguzungu. Sindano ya kuyapandisha ilikuwa tayari. Hapo ndipo pabaya kuliko pote, lakini ni sekunde tu. Kulala chali mguu umenyooka kulinichosha zaidi.

Sauti yangu iko vilevile na kesho yake nilikuwa nyumbani. Kilichoniudhi ni bili: kichujio hakikuwamo katika bei niliyotajiwa. Ulizeni mapema, kwa maandishi.

Dawa sasa. Aspirini na klopidogreli (zote za kuzuia damu kuganda) pamoja, usiruke hata siku moja, maana stenti mpya huweza kuganda damu. Baadaye aspirini hubaki ya maisha, pamoja na statini (dawa ya kushusha lehemu). Kichwa kikikuuma vikali upande uliotibiwa, rudi hospitali upesi, wapime presha.

Mzee wangu uliyevuka miaka 70, msikilize daktari wako kwanza. Utafiti wa CREST wa mwaka 2010 ulionyesha stenti huleta viharusi zaidi ya upasuaji kwa wenye umri huo, ingawa upasuaji nao ulileta mishtuko ya moyo zaidi.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ile bili.