Zion, Utah: basi ni bure, kiingilio ndicho cha kupigia hesabu

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nachambua kiingilio na usafiri wa ndani wa Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, Marekani. Bei zimebadilika kuanzia Januari 2026, na anayesafiri kutoka kwetu ndiye anayebanwa zaidi.

Nianze na basi, kwa sababu ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote pale. Korongo la Zion lina barabara moja tu, inapanda na mto mpaka kuta za miamba zinapobanana, inaishia hapo. Sasa fikirieni watu zaidi ya milioni 4 kwa mwaka, kila mmoja na gari lake! Hata zamani, walipokuwa wachache kuliko hao, ndivyo ilivyokuwa: foleni, moshi, magari yameegeshwa mpaka juu ya majani. Mwaka 2000 wakaleta mabasi. Tangu hapo, kuanzia Machi mpaka Novemba, gari binafsi haliingii kwenye barabara ile, isipokuwa la mgeni aliyelala hoteli ya mle ndani akiwa na kibali. Baiskeli zinaruhusiwa.

Basi hulipii wala hukati tiketi. Unapandia kwenye kituo cha wageni, unashuka unapotaka, unatembea, unapanda jingine. Vituo ni 9, na mwendo wa kwenda tu ni kama dakika 45. Siku hizi ni mabasi ya umeme, hivyo korongo limetulia. Mtu wa kiti cha magurudumu naye anapanda bila shida. Kwangu mimi huu ndio usafiri wa hifadhi unavyotakiwa kuwa.

Kasoro zipo. Siku zenye watu wengi foleni ya asubuhi ni ndefu kweli. Chakula huli ndani ya basi, maji tu. Na maegesho ya kituo cha wageni yanajaa mapema mno. Yakijaa, acha gari mjini Springdale, pale mlangoni kabisa. Maegesho ya mjini mengi ni ya kulipia, lakini kuna njia nyingine ya basi la bure inayokuleta hadi lango la waenda kwa miguu.

Haya, pesa. Gari dogo dola 35 pamoja na wote waliomo, pikipiki 30, anayeingia kwa miguu au baiskeli 20. Aliye chini ya miaka 16 halipi. Malipo hayo yanakutosha siku 7, hivyo ukiwa peke yako bila gari, 20 kwa wiki nzima ni bei nzuri sana.

Tatizo ni nyongeza. Asiye mkaazi wa Marekani, mwenye miaka 16 na kuendelea, anaongezewa dola 100 kwa kila kichwa. Kwa hiyo mtu na mwenzake wakitoka Dodoma au Mombasa na gari la kukodi wanalipa 35 jumlisha 200, yaani 235. Wapo ndugu zetu wanaoishi kule: wao wabebe leseni ya udereva ya jimbo au kadi ya ukaazi wa kudumu, wasije wakahesabiwa wageni.

Nyongeza hii ipo kwenye hifadhi 11, na Bryce Canyon ya jirani ni mojawapo. Mgeni mmoja mwenye gari akienda zote mbili analipa 135 mara mbili, 270. Pasi ya mwaka ya asiye mkaazi ni 250 na inamwondolea nyongeza. Basi kama unapita hifadhi mbili, nunua pasi, usifikirie mara mbili. Ukienda Zion peke yake, hapo sikushauri.

Mimi naona dola 100 ni nyingi, nasema wazi. Najua kwamba kisheria angalau asilimia 80 ya kiingilio hubaki kwenye hifadhi iliyokikusanya, na hilo naliheshimu. Lakini inamfungia nje mwanafunzi na msafiri wa kawaida.

Kupanda Angels Landing, mwamba mrefu wa mle hifadhini, kunahitaji kibali cha bahati nasibu tangu 2022: dola 6 kuomba kwa kundi la mpaka watu 6, na 3 kwa kila mtu mkipata. Mshuke kituo cha The Grotto. Na saa ya basi la mwisho ipigeni picha mapema, ubao upo kituoni: likikuacha kule mwisho wa barabara, ni zaidi ya kilomita 12 kwa miguu, gizani.